Tumenyang'anywa Mkia Wetu

Kwako Ustadh Mhariri wa gazeti letu la kila Alhamisi, Samawa.

Salaam zangu zikufikie ukiwa umekaa mbele ya feni inayozunguka. Kama umeme umekatika na huko kwenu, basi zikufikie hivyo hivyo, ukijipepea na toleo la wiki iliyopita. Mimi ni Mutashar Jabir, mkuu mstaafu wa kituo cha treni, mkazi wa kijiji cha Khudayra, ng'ambo ya magharibi ya Mto Furati. Huku wananiita Abu Shakir. Sijawahi kuandika gazetini maisha yangu yote. Hata pensheni yangu ilipochelewa mpaka nikaanza kuisahau, nilinyamaza. Lakini hili la safari hii limenikaa kooni, chai haipiti, na mke wangu Umm Shakir amesema ama nikuandikie wewe, ama nihamie bandani nikawasimulie kondoo, kwa sababu yeye amechoka kunisikiliza.

Nitaeleza kwa heshima na kwa namba, kama tulivyozoeshwa kazini.

1. Mkoa wetu wa Muthanna umenyang'anywa mkia. Wewe mwenyewe ulilichapa, ukurasa wa pili, lile jedwali la Taasisi ya Vipimo vya Mikoa ya Baghdad, linaloipanga mikoa yote ya nchi yetu ya shirikisho kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho: nani ana kazi, nani ana barabara, nani anakula nini, nani anakunywa nini. Ndugu zetu wa Kurdistani wako juu huko wanapeana hongera. Basra wako katikati wanalalamika, na siwalaumu, maana wamekalia mafuta na wanachopata wao ni kunusa moshi wake. Sisi je? Sisi ambao tangu nijue kusoma gazeti tumeshika mkia bila kutetereka, waziri huyu akiingia na yule akitoka, tumewekwa nafasi ya tisa. Ya tisa, Mhariri! Tumewapita watu ambao nimefika kwao kwa treni na kuona kwa macho yangu taa za barabarani, tena zinawaka.

Wapo waliofurahi. Pale mjini, karibu na daraja, kijana mmoja alipiga honi mpaka betri ya gari ikafa, akasukumwa kwenda nyumbani. Huyo hajui lolote. Hajui kwamba serikali ya shirikisho ilishatangaza kuwa mikoa mitatu ya mwisho ndiyo itakayojengewa kwanza mitambo ya kusafisha maji. Mmoja ulikuwa wetu. Walishakuja kupima kiwanja pale penye stesheni ya zamani, wakapigilia na vigingi, na watoto wakakatazwa kuchezea hapo. Jedwali lilipotoka, alikuja mtu na gari akaving'oa vile vigingi vyote, akaondoka navyo. Sisi tumeambiwa tusubiri jedwali lijalo.

Nisije nikaonekana napigania ushindi wa kijinga, nieleze. Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi. Sisemi yana ladha ya chumvi. Nasema ukioga ukakauka, unabaki mweupe mgongoni, na sabuni haitoi povu hata uisugue kwa hasira. Na Umm Shakir wangu figo zake ni mbovu. Daktari wa Samawa alimwambia mbele yangu: maji matamu tu, ya bomba hata tone usionje. Basi tunamwekea pipa lake la bluu, linajazwa na lori la maji likipata nafasi ya kufika. Lisipofika, yeye anasema hana kiu. Mhariri, mimi sijawahi kukutana na mtu asiye na kiu mwezi wa Julai hapa Khudayra, awe binadamu au punda. Nautaka ule mtambo. Ndiyo shida yangu yote, mengine haya ni maelezo.

2. Namna walivyopima. Hawakuja kama wapimaji, walikuja kama wageni. Walituma ujumbe wa adabu kabisa, kwamba wataalamu watatu watafika siku ya Jumatatu, Mungu akipenda. Sasa wewe ni mtu wa huku, usijifanye hujui. Mgeni akishasema anakuja, mnafanya nini? Haji Hatif, mkubwa wa ukoo wetu, alifungua mudhifu, ule ukumbi wetu wa wageni wa matete, akafagia, akaweka madebe ya kahawa motoni tangu alfajiri. Kondoo wakachinjwa. Wali ukamwagwa kwenye masinia yanayobebwa na watu wawili wawili, nyama juu yake, na zabibu juu ya nyama. Tulikuwa hatujauona wali wa namna ile tangu harusi ya mwisho, na ile harusi yenyewe bado tuna kinyongo na waliokula zaidi ya wenzao.

Mkuu wa msafara, Ustadh Waddah, kijana mpole mwenye miwani, alijaribu kukataa. Alisema, "Haji, Mungu akuzidishie, lakini sisi tumekuja kupima umaskini, hatukuja kula." Haji Hatif akamjibu, "Mtapima mkishashiba, mwanangu. Njaa inaharibu hesabu." Wakala. Wangefanyaje? Mwenzao mmoja, Bi Sumaya, akafungua kompyuta yake ndogo kando ya sinia, akauliza, "Haji, hapa kijijini nyama mnakula mara ngapi kwa wiki?" Mhariri, jiweke pale. Mgeni ana mnofu mkononi, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, anakuuliza hivyo. Utamwambia kwamba mara ya mwisho ilikuwa Idi? Haji Hatif akajiegemeza kwenye mto, akasema, "Binti yangu, nyama sisi tumeichoka." Watu wakatazama chini. Mimi nilikuwa karibu yake, nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeichoka kweli.

Yule binti akaandika! Sasa nauliza, hiyo ni elimu gani? Mtu aliyesoma mpaka Baghdad hajui kwamba mwenyeji haulizwi maswali ya chakula na mgeni ambaye bado anatafuna?

3. Friji. Nataka niliseme hili kabla hajalisema mtu mwingine vibaya. Ni kweli kwamba friji inayofanya kazi Khudayra ni moja, ya Naim fundi redio. Na ni kweli kwamba wapimaji walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, vijana wetu waliibeba ile friji kwa njia ya nyuma wakaitanguliza, kwa sababu hakuna mwanamke aliyekubali kuwa wa kwanza kuonekana hana. Zulia la Haji Hatif nalo lilitembea, pamoja na televisheni ya Naim, na bangili za dhahabu za mama yake Haji. Kwenye nyumba moja bangili ziligoma kupita kwenye kiganja cha mwenye nyumba, kwa hiyo akazishika mkononi kama mtu anayezivua akapumzike.

Lakini ukaguzi uko wapi hapo? Wanaingia wanaikuta friji bado inatikisika, mlango wake uko wazi, waya hauna pa kuchomekwa, na vijana sita wanahema nyuma ya pazia. Ustadh Waddah anauliza tu, "Mashallah, naona mnapenda kampuni moja." Anaambiwa ndiyo, ni imara. Basi. Nimesoma kwenye ripoti yao kwamba wakazi wa Khudayra "wana uwezo wa ununuzi unaolingana kwa kiwango kisicho cha kawaida," na kwamba hali hiyo inafaa kuigwa na mikoa mingine ya shirikisho. Waje basi waige! Waje na mabega yao, maana friji ile ina uzito, na shingo ya mpwa wangu mpaka leo haigeuki kushoto.

4. Sasa nafika kwa waliochukua mkia wetu. Huo mkoa wa jirani sitautaja, mimi ni mtu wa heshima. Niseme tu kwamba wako juu kidogo mtoni, wanajisifia mchele wao kila wanapofungua mdomo, na wenyewe wanajijua. Hawa watu, Mhariri, hawana umaskini wa kutuzidi sisi hata kidogo. Wana mashamba. Wana kivuli. Shemeji yangu Shnawa, kaka yake Umm Shakir, ameoa huko na anaishi huko, na jedwali lilipotoka alinipigia simu akicheka mpaka nikadhani amepaliwa.

Akaniambia, "Abu Shakir, nyie mmelala! Sisi tuliwatandikia mkeka, tukawapa chai haina sukari. Kondoo wote tuliwavusha ng'ambo wakatembee. Kuna mzee mmoja tulimpa kazi ya kukohoa tu. Na mama mkwe alipoulizwa anakula nini, akasema, mwanangu, nakula nilichobakiza jana, na jana nilikula nilichobakiza juzi. Yule binti wa kompyuta akalia!"

Nikamwambia, "Shnawa, nyie watu hamna haya!"

Akasema, "Haya tunayo, na mtambo tunao."

Nikakata simu. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Umaskini wetu sisi ni wa kweli, tumeurithi, tumeutunza, hatujawahi kuupamba. Wao wameuigiza mchana mmoja wakapewa mtambo. Na maji ya kwao, nisikilize vizuri, maji ya kwao ni matamu! Mtambo wataufanyia nini, wataoshea mchele?

5. Nilikuwa na jambo kubwa la kusema hapa kuhusu barabara, lakini Umm Shakir ameniita nimshikie ungo achekeche unga, na niliporudi limenitoka. Namba iache hivyo hivyo.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye ripoti, mstari wa kijiji chetu, wameandika: "Maji ya kunywa: matamu, ya kuridhisha sana."

Mhariri, niliposoma pale, miwani iliingia ukungu. Ya friji nayabeba, ni kiherehere chetu. Ya nyama nayabeba, ni ulimi wa Haji Hatif, Mungu amlinde. Lakini maji? Friji unaweza kuiazima kwa Naim. Mto utauazima kwa nani? Na ushahidi ninao, kwa sababu walikunywa nyumbani kwangu, sebuleni kwangu, nikiwa nimekaa nao goti kwa goti. Umm Shakir aliwapikia chai, wakanywa, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Halafu Ustadh Waddah, joto lilikuwa limemwelemea, akaomba na maji matupu. Akaletewa jagi zima. Akanywa glasi ya kwanza, ya pili, akajifuta mdomo, akasema, "Khala, mama yetu, maji yenu yanashinda ya Baghdad." Umm Shakir akamwambia, "Afya na nguvu, mwanangu," akammiminia tena.

Nilidhani ni adabu. Nilijisema moyoni, tazama mtoto aliyelelewa, anakunywa chumvi na kushukuru. Nikampenda! Kumbe ametoka pale amekwenda kuiandika adabu yake kwenye ripoti ya serikali, na kwa ajili ya mstari ule mmoja vigingi vimeng'olewa na mke wangu anaendelea kutokuwa na kiu. Maji ya bomba letu hata kunguru anayatema. Kwa hiyo mambo ni mawili tu: ama ulimi wa kijana yule umekufa, ama amenunuliwa na wale wa mchele. Mimi nasema amenunuliwa. Naandika kwa jina langu kamili, na ikibidi mahakamani nitakwenda, na nitakwenda na jagi, hakimu anywe mwenyewe.

7. Kwa sababu hizo zote, naomba kupitia gazeti lako tufanyiwe yafuatayo.

Kwanza turudishiwe mkia wetu, na matokeo ya jirani yafutwe, na yule mzee wa kukohoa apimwe mapafu mbele ya mashahidi.

Pili, kuanzia mwakani wapimaji waje bila taarifa, adhuhuri, wamenuna. Wasitusalimie. Wasiulize habari za watoto. Ikiwezekana mmoja wao atutukane kidogo mlangoni, nasi tupate kisingizio cha kutowachinjia.

Tatu, kama Taasisi inaona hilo ni gumu, basi serikali ya shirikisho itupe kibali rasmi cha kuwa na mkono wa birika kwa siku mbili. Kiwe na mhuri. Kiwe na saini ya waziri, si ya msaidizi wake. Haji Hatif akibandike nje ya mudhifu, ili mgeni akifika aambiwe, samahani sana ndugu yetu, tungekukirimu mpaka ushindwe kuinuka, lakini tumekatazwa na Baghdad. Hapo hakuna atakayetucheka.

Nne, kama kibali hakipatikani, basi libadilishwe jedwali lenyewe. Mkoa unaomlisha mgeni kuliko yote ndio uhesabiwe maskini kuliko yote, kwa sababu kesho yake asubuhi ndivyo utakavyokuwa. Kurdistani wakitaka nafasi yetu, wachinje.

Na tano, kama yote hayo yameshindikana, tuko tayari kubadilishana majina na jirani. Sisi tuitwe wao, wao waitwe sisi. Ramani zichapwe upya. Wachukue nafasi ya tisa na sifa zake zote, na sisi tuchukue mchele, yaani mtambo.

Nikomee hapo, karatasi inaisha na feni imesimama. Nisalimie watu wa nyumbani kwako wote, na wapiga chapa wenu, na muuza magazeti wa pale stendi ambaye hunibakizia nakala hata nikichelewa. Nisalimie Basra, aliko mwanangu Shakir bandarini. Nisalimie ndugu zetu wa Kurdistani, na Baghdad yenyewe pamoja na Taasisi yake. Wa mkoa wa jirani nao wasalimie, isipokuwa Shnawa, mpaka aje aombe radhi akiwa amesimama.

Mimi niliyeibiwa nafasi, na bado nangoja jibu kwa adabu zote,

Mutashar Jabir (Abu Shakir),
Mkuu wa Stesheni, mstaafu,
Khudayra.

N.B. Mhariri, ngoja kwanza, usiichape.

Nimemsomea Umm Shakir barua hii, ungo uko mapajani mwake. Kwenye friji alicheka mpaka unga ukamwagika. Nilipofika namba sita akaacha kuchekecha. Akasema, "Abu Shakir, hapo toa. Usimsingizie mtoto wa watu. Yeye hakunywa ya bomba."

Nikamwuliza alikunywa ya wapi.

Akasema, "Alikunywa yangu. Na chai yote ilikuwa yangu. Ulitaka mgeni nimpe chumvi?"

Na lori wakati ule lilichelewa sana, nakumbuka. Nilimwuliza kila siku, na kila siku akaniambia hana kiu. Basi pale niliposema "amenunuliwa," tafadhali piga mstari. Kijana aliandika alichoonja.

La pili. Ustadh Waddah amepiga simu sasa hivi. Malalamiko yetu yamemfikia kupitia kwa Haji Hatif, na Jumapili wanarudi kupima upya, na wakituona tulivyo, mtambo unaweza kurudi. Alinibembeleza kwenye simu: "Ammu, mzee wangu, nakuomba, safari hii msiandae kitu chochote." Nikamjibu kwa sauti kubwa, ili na mtu wa jikoni asikie, "Karibuni sana, hatuandai kitu!" Nilipogeuka nikamkuta Umm Shakir analiburuta lile pipa la bluu kulisogeza karibu na jiko.

Nikamwambia, "Mwanamke, mara moja tu. Wape ya bomba wayaonje, wayaandike, unywe na wewe kama watu."

Akasema, "Wakaseme Baghdad nzima kwamba walifika kwa Abu Shakir wakapewa maji ya kunguru? Mtambo utakuja siku yake. Jina hilo likishatoka halirudi."

Nilikuwa na majibu, Mhariri, tena mazuri kuliko haya niliyokuandikia. Nikaenda bombani mwenyewe, nikajaza glasi, nikaiweka juu ya meza pale anapokaa mgeni, nimwoneshe kwamba inawezekana. Nikaitazama. Nikaichukua nikaimwaga uani, na sasa hivi navaa viatu niende kwa Naim kumwuliza habari za friji.

Kwa hiyo jedwali lijalo usishangae tukiwa wa nane. Na wewe karibu Jumapili, uje ujionee. Ila nakuomba jambo moja, kaka yangu, liwe siri yetu mimi na wewe. Umm Shakir akikuletea chai, mwambie umefunga.